Ukiambiwa "Mara Hii Tu": Mwongozo Kamili wa Kulinda Maadili Yako Kazini

Ombi la kufanya jambo baya kazini haliji na pembe kichwani. Huja mwisho wa mwezi, watu wanafunga mafaili waondoke, na huja kutoka kwa mtu unayemheshimu, pengine yule yule aliyekushika mkono ulipoanza kazi. "Hebu weka tarehe ya wiki iliyopita hapo, wakaguzi wasije kutusumbua. Mara hii tu." Sauti ni ya upole na kalamu imeshawekwa mezani. Una sekunde chache za kujibu, na hakuna anayeweza kuanza kutafakari maadili yake ndani ya sekunde hizo. Atajibu kwa kile alichokuja nacho.

Betty Vinson alikuwa mhasibu wa ngazi ya kati katika WorldCom, kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Oktoba 2000 wakubwa wake walitaka dola milioni 828 zihamishwe vitabuni ili gharama zionekane ndogo na faida ionekane nono. Yeye na mwenzake walisita, kisha wakakubali baada ya kuhakikishiwa kwamba halitarudiwa. Jambo hilo lilimkera, akafikiria kujiuzulu, hata barua akaiandaa. Mkuu wa fedha akawatuliza, wakabaki. Robo mwaka iliyofuata wakaombwa tena, na iliyofuata tena. Kampuni ikafilisika Julai 2002. Mwaka 2005 Vinson alihukumiwa miezi 5 gerezani na mingine 5 ya kifungo cha nyumbani.

Ninampenda kama mfano kwa sababu dhamiri yake haikuwa imelala. Alijua, na alijua mapema. Alichokosa ni maandalizi, na hayo ndiyo yanayochukua nusu ya kwanza ya mwongozo huu.

Hatua ya 1: Geuza tunu zako ziwe sentensi

Ukimuuliza mtu yeyote anaamini nini, atakutajia uaminifu, haki, heshima, bidii. Hata mlaghai atakutajia hayo hayo. Maneno mapana namna hiyo hayamzuii mtu kufanya lolote, kwa sababu kila tendo linaweza kupindwa likaingia humo. Kughushi ripoti ili wenzako wasipunguzwe kazi, kwa mfano, ni "uaminifu" kwa wenzako.

Chukua karatasi. Kumbuka nyakati tatu au nne ambapo jambo la kazini lilikukosesha usingizi: ulilofanya ukaona aibu, ulilofanyiwa ukaona hasira, au uliloshuhudia ukanyamaza na mpaka leo hujasahau. Usiandike kwanza unachoamini, andika kilichokuuma. Maadili ya mtu huonekana vizuri zaidi pale yalipokanyagwa.

Sasa, kwa kila tukio, andika sentensi inayoanza na "Sitafanya" au "Nitafanya", na iwe ya kazi yako hasa. Mhasibu: "Sitaingiza kiasi chochote ambacho sijaona stakabadhi yake." Muuguzi: "Sitajaza kwamba mgonjwa amepewa dawa kabla ya kumpa." Fundi: "Sitasaini kwamba nimekagua mahali ambapo sijafika." Msimamizi: "Sitaweka jina langu juu ya kazi ya aliye chini yangu." Mwandishi wa programu: "Sitakusanya taarifa za mtumiaji ambazo hajaambiwa kwamba zinakusanywa." Sentensi kama hizi zina faida moja kubwa: unajua papo hapo kama umezivunja.

Zisizidi tano. Mwenye mistari ishirini isiyovukwa atavuka mmoja kila wiki na mwishowe hataiogopa yote. Na usichanganye maadili na mapendeleo. Kuchukia vikao virefu, kutopenda namna bosi anavyoongea, kuona mradi fulani ni wa kijinga, hayo ni mapendeleo, ukiyapandisha cheo yakawa dhamiri, siku utakapokuja na dhamiri ya kweli wenzako watasema "ndiyo kawaida yake."

Hatua ya 2: Weka akiba

Najua hatua hii inaonekana imepotea njia. Lakini Vinson ndiye aliyekuwa akileta kipato kikubwa nyumbani kwake, na bima ya afya ya familia ilitegemea ajira yake. Barua ya kujiuzulu ya mtu wa namna hiyo hukaa kwenye droo.

Mwenye akiba ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi ya lazima anasema "hapana" kwa sauti tofauti kabisa na mwenye deni. Hata mwezi mmoja unabadilisha mambo. Epuka hasa kukopa kwa mwajiri, na zaidi kwa bosi mwenyewe. Mkopo huo una riba isiyoandikwa popote. Weka pia wasifu wako tayari, dumisha mawasiliano na watu wa fani yako nje ya ofisi, na usiruhusu ujuzi wako uwe wa kampuni moja tu. Haya yote hayaitwi maadili katika semina za maadili, na nadhani hilo ni kosa la semina. Anayeogopa kumwaga unga husaini.

Hatua ya 3: Soma kanuni kabla hujazihitaji

Mkataba wako wa ajira, sera ya zawadi, sera ya mgongano wa maslahi, utaratibu wa kutoa taarifa, na kanuni za bodi ya taaluma yako kama ipo. Jioni moja inatosha. Tafuta majibu mawili tu: nani hupokea malalamiko endapo mlalamikiwa ni bosi wangu mwenyewe, na zawadi ya thamani gani lazima itangazwe. Ukisubiri kuuliza siku ya tukio, swali lenyewe litakuwa limeshakutangaza.

Hatua ya 4: Zoeza sikio lako

Wanasaikolojia wana jaribio maarufu la Stanley Milgram, lililofanywa Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1961. Watu wa kawaida waliambiwa wampe mtu mwingine shoti ya umeme kila akikosea jibu. Shoti hazikuwa za kweli, ila wao hawakujua. Katika kundi moja la watu 40, watu 26 walifika mwisho kabisa, volti 450. Watu hukumbuka idadi hiyo na kusahau mashine yenyewe: ilikuwa na swichi 30, na kila moja ilipanda kwa volti 15 tu. Hakuna aliyeombwa volti 450 mwanzoni. Aliombwa 15. Na aliyekubali 150 atamweleza nini mtu akikataa 165?

"Mara hii tu" ndiyo volti 15. Maneno mengine ya ukoo huo huo:

"Kila mtu anafanya." Huenda kweli, lakini ukaguzi ukija huulizwa aliyesaini.

"Wewe fanya tu, nitawajibika mimi." Mwambie akuandikie hivyo. Mara nyingi uwajibikaji huyeyuka hapo hapo.

"Tunarekebisha tu hesabu." Sikiliza vitenzi. Kudanganya huitwa kurekebisha, hongo huitwa shukrani, kuficha huitwa kusubiri wakati mwafaka. Kitenzi kinapolainishwa, rudisha kile kigumu kichwani mwako uone kama sentensi bado inavumilika.

"Hapa usifikiri kama fundi, fikiri kama kiongozi." Hili lina historia. Usiku wa 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga cha Challenger, walipinga chombo kisirushwe kesho yake. Baridi ingeukakamaza mpira wa kuziba maungio ya roketi, gesi ya moto ikapenya. Mkuu wa uhandisi, aliyekuwa upande wao, akaambiwa na mkubwa wake avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akabadili uamuzi. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na wote 7 waliokuwemo wakafa. Mtu akikuomba uvue kofia ya kazi unayoijua, jiulize kwa nini inamsumbua.

Mara nyingine hakuna anayekuomba lolote. Lengo la mauzo ndilo linaloomba. Benki ya Wells Fargo iliwasukuma wafanyakazi wamuuzie kila mteja hadi huduma 8, na wafanyakazi wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana kwamba wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa. Ukipewa lengo ambalo kwa hesabu zako mwenyewe halifikiki kwa njia ya halali, hapo ndipo pa kusema, siku ya kupangwa malengo, kabla robo mwaka haijakubana.

Hatua ya 5: Nunua muda, kisha uliza

Haraka ni adui kuliko tamaa. Mwaka 1973 watafiti wawili, Darley na Batson, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa theolojia. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata akiugulia. Miongoni mwa walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Miongoni mwa walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Na baadhi yao walikuwa wakienda kuhubiri habari za Msamaria Mwema. Imani haikubadilika njiani. Saa ndiyo ilibadilika.

Kwa hiyo jifunze kwa moyo sentensi moja ya kuahirisha: "Nimekusikia bosi, naomba niipitie vizuri, nitakurudia kesho asubuhi." Haina lawama, na karibu kila kazi inairuhusu. Ikiwa jibu ni "hapana, sasa hivi", umeshajua jambo muhimu kuhusu ombi lenyewe.

Muda ulioupata usiutumie kujikasirisha. Utumie kujua ukweli, kwa sababu inawezekana kabisa umekosea. Malipo yaliyoonekana ya ajabu yanaweza kuwa na mkataba usioujua. Mwenzako anayetoka mapema huenda ana ruhusa ya kwenda matibabu. Nenda kwa aliyekuomba ukamuulize kama mtu anayetaka kuelewa: "Nisaidie, tunaandika hivi kwa sababu gani? Mkaguzi akiniuliza nimjibu nini?" Swali hili la pili lina nguvu ya ajabu. Wapo wanaolisikia wakajirudi wenyewe, nawe hujamwita mtu mwizi.

Baada ya hapo, jambo litaangukia moja ya makapu matatu. Kosa la bahati mbaya: hilo husahihishwa, halishtakiwi. Uovu wa makusudi: endelea na hatua ya 6. Kapu la tatu ndilo gumu, na ndilo linalojaa kuliko yote: haki mbili zinazogongana.

Mfano. Wewe ni kiongozi wa timu. Umeambiwa kwa siri kwamba nafasi tatu zitafutwa mwezi ujao. Mmoja wa wahusika anakuja kukuambia kwa furaha kwamba wiki hii anasaini mkopo wa nyumba. Uliahidi kutunza siri, na ahadi ni ahadi. Huyu naye ni binadamu anayeingia shimoni mbele ya macho yako. Hapa anayekuambia jibu ni rahisi hajawahi kukaa kwenye kiti hicho.

Ninachofanya katika mgongano wa namna hii ni kuuliza mambo kwa mpangilio. Kwanza, nani ataumia, na je, maumivu hayo yanaweza kurudishwa? Kisichorudi kina uzito kuliko kinachorudi. Pili, je, ipo njia ya tatu ambayo sijaiona kwa sababu nimejifungia kati ya mbili? Katika mfano huu ipo: kurudi kwa waliokupa siri siku hiyo hiyo na kusema, "Mmoja wao anakaribia kusaini mkopo. Naomba aambiwe kabla ya Ijumaa, au mniruhusu nimwambie asubiri." Wakikataa, bado unaweza kumwambia mhusika kwa ukweli bila kutoa siri, "Kuhusu mambo ya ajira hapa mimi siwezi kukushauri. Usisaini lolote kwa kutegemea maneno yangu." Ataelewa. Tatu, je, uamuzi huu ningeufanya vile vile kama mhusika angekuwa mtu nisiyempenda? Swali hili limenikamata zaidi ya mara moja.

Hatua ya 6: Sema, na usihubiri

Wengi hushindwa hapa kwa sababu wanajua pande mbili tu: kunyamaza au kulipuka. Ukilipuka, mjadala utahama kutoka kwenye ankara kwenda kwenye adabu yako.

Zungumza faraghani kwanza. Kataa tendo, usimhukumu mtu. Kisha toa njia mbadala, maana nyuma ya ombi baya mara nyingi kuna shida ya kweli: ripoti imechelewa, mteja ana hasira, bajeti imeisha. "Bosi, kurudisha tarehe nyuma sitaweza. Lakini naweza kuandika maelezo ya kwa nini tumechelewa, nikayaleta leo hii uyapitie." Umekataa jambo moja na kubeba mzigo mwingine. Anayekuja na kazi mkononi ni vigumu kumwita mkaidi.

Yaseme maneno hayo kwa sauti nyumbani kabla ya siku yenyewe. Utajiona mjinga, lakini ulimi uliokwisha kupita njia hiyo hauteguki.

Tafuta pia mtu wa pili. Milgram alifanya toleo jingine la jaribio lake ambapo watu wawili waliopangwa na watafiti, wakijifanya washiriki, walikataa kuendelea mbele ya mhusika. Safari hii, kati ya watu 40, ni 4 tu waliofika volti 450. Mwenzako mmoja mwenye kuona unachokiona anatosha kuvunja ule ukimya wa funika kombe mwanaharamu apite. Mchague kwa uangalifu: awe mtu anayeweza kutunza neno, na asiwe anayefaidika na jambo lenyewe.

Hatua ya 7: Weka kumbukumbu

Tarehe, saa, waliokuwepo, kilichosemwa, ulichojibu. Andika siku hiyo hiyo, bila vivumishi. "Alisema niweke tarehe 3" inafaa. "Alinilazimisha kihuni" haifai. Baada ya mazungumzo ya mdomo, tuma barua pepe fupi: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Kama nilivyoelewa, umependekeza hivi. Nami nimeeleza kwamba siwezi kwa sababu hii." Barua ya aina hiyo huzima mambo mengi yenyewe.

Roger Boisjoly, mmoja wa wahandisi waliopinga Challenger kurushwa, alikuwa ameandika onyo kwa wakubwa wake tarehe 31 Julai 1985, miezi sita kabla ya ajali. Halikusikilizwa. Lakini tume ya uchunguzi ilipokaa, hakuna aliyeweza kusema kwamba hatari ile haikujulikana.

Tahadhari moja: daftari lako la matukio ni lako, nyaraka za mwajiri si zako. Kunakili taarifa za wateja au za siri na kwenda nazo nyumbani kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Kabla ya kuhamisha chochote, ongea na mwanasheria au chama chako cha wafanyakazi.

Hatua ya 8: Panda ngazi, huku macho yako wazi

Kama mazungumzo hayakuzaa kitu na jambo ni zito, yaani kuna anayeweza kuumia, kuibiwa au kudanganywa, peleka juu: mkuu wa bosi, mkaguzi wa ndani, idara ya rasilimali watu, simu ya siri kama ipo. Kumbuka kwamba rasilimali watu huajiriwa na kampuni. Wengi wao ni watu waungwana, ila si mawakili wako.

Usitarajie kupongezwa. Agosti 2001 Sherron Watkins, aliyekuwa akifanya kazi Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, alimwandikia mkuu wake kuhusu mbinu za kihasibu za kampuni hiyo. Siku chache baadaye mawakili wa kampuni walikuwa wakijadili kwa barua pepe hali ya kisheria ya kumfukuza mtu kama yeye. Enron iliomba kulindwa dhidi ya wadai wake Desemba mwaka huo huo. Kwa upande mwingine, ni wakaguzi wa ndani wa WorldCom, wakiongozwa na Cynthia Cooper, waliofichua udanganyifu ule ule uliomnasa Vinson. Walifanya sehemu ya kazi hiyo usiku ili wasishtukiwe, wakaipeleka kwa kamati ya ukaguzi ya bodi. Walikuwa na ushahidi mkononi, na walijua mlango sahihi ni upi.

Kwenda nje, kwa mamlaka ya usimamizi, polisi au vyombo vya habari, ni hatua nyingine kabisa. Ulinzi wa mtoa taarifa hutofautiana nchi na nchi. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unasema kumshitaki mwajiri kwa uvunjaji wa sheria si sababu halali ya kuachishwa kazi, lakini mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia tu. Sheria nyingi humlinda aliyepeleka taarifa kwa mamlaka kuliko aliyeipeleka mitandaoni. Ushauri wa kisheria utafutwe kabla, kwa maana ukishabonyeza "tuma" mwanasheria hana cha kufanya ila kukuhurumia.

Na kuondoka je? Kuondoka ni jibu halali. Si lazima kila mtu awe shujaa wa mahakamani. Ila ondoka ukiwa na barua safi, bila kusaini tamko lolote usilolielewa, na usiache jina lako kwenye hati ambayo si ya kweli.

Hatua ya 9: Kama umeshafanya

Nadhani wasomaji wengi wako hapa, na miongozo mingi haiwafikii. Tarehe ilishaandikwa. Ulisaini mwaka jana, na mwezi uliopita tena.

Kwanza, simama kwenye swichi uliyopo. Hoja ya "nimeshafanya mara tatu, ya nne itabadili nini" ndiyo inayowafikisha watu kwenye volti 450. Ya nne inabadili mengi, hata mbele ya hakimu.

Pili, usifute wala kurekebisha chochote kimyakimya. Kufuta ushahidi kunaweza kuwa kosa zito kuliko la mwanzo.

Tatu, pima uzito. Kama ni jambo dogo la ndani, mathalani umejiandikia saa za ziada ambazo hukufanya, nenda mwenyewe kwa msimamizi kabla hajaja yeye kwako, useme na urudishe. Kama linagusa fedha nyingi, kodi au usalama wa watu, mtu wa kwanza wa kuongea naye ni mwanasheria wako binafsi, si wa kampuni. Isipokuwa pale ambapo mtu anaweza kuumia leo: hapo simamisha kazi kwanza, mwanasheria baadaye.

Sentensi yenyewe inaweza kuwa fupi: "Kuna jambo nililisaini ambalo halikuwa sahihi. Nataka nilieleze mwenyewe." Omba dakika kumi, funga mlango, na uanze na tarehe.